Matundu madogo au kufungua tumbo: maisha yatakuwaje baada ya upasuaji wa saratani ya tumbo?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 46, kazi yangu ni fundi cherehani. Mwezi uliopita nilipimwa kwa kamera nikaambiwa nina saratani sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, na kwamba haionekani kusambaa. Daktari wa kwanza amesema atanifungua tumbo. Wa pili amesema inawezekana kwa matundu madogo, ila itabidi nisubiri. Binti yangu amesoma kwamba waliofanyiwa kwa matundu wanaishi maisha bora zaidi, na ananisihi nisikubali kupasuliwa mkato mrefu. Je, ni kweli? Na nitaweza kurudi kwenye cherehani yangu?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa mzigo uliokuangukia. Binti yako amesoma vizuri, ila amesoma nusu. Katika wiki na miezi ya mwanzo, aliyefanyiwa kwa matundu madogo kwa kawaida huwa na nafuu kuliko aliyefunguliwa tumbo. Lakini mwaka ukishapita, ukiwakalisha wawili hao kwenye meza moja ya chakula, mara nyingi hutajua nani alipita njia ipi mpaka wakuonyeshe makovu yao. Wakati huo kinachowatofautisha ni jambo jingine, na hilo ndilo ninalotaka ukaulize kabla hujachagua daktari.

Wewe ni fundi, utanielewa haraka. Upasuaji huu una kazi mbili. Ya kwanza ni kuingia tumboni na kutoka. Ya pili ni kukata kipande chenye ugonjwa na kuunganisha kilichobaki. Mkato mrefu na matundu ni habari za kazi ya kwanza. Kazi ya pili ni ileile kwa njia zote mbili: sehemu ya chini ya mfuko wa chakula inaondolewa, kwa kawaida theluthi mbili au zaidi, pamoja na tezi za limfu zilizouzunguka, yaani vivimbe vidogo ambamo saratani huweza kujificha, kisha kipande cha juu kinaunganishwa na utumbo mwembamba. Tumbo lako halitajua kama mkasi uliingilia kwenye mkato wa kiganja kizima au kwenye tundu la kidole. Litajua kimebaki kiasi gani, na kimeungwa wapi.

Anayefunguliwa hupata mkato unaoanzia chini ya kidari na kushuka hadi karibu na kitovu, takriban sentimita 15 hadi 20. Anayefanyiwa kwa matundu hutobolewa sehemu nne au tano, kila moja ikiwa na upana wa kati ya milimita 5 na 12. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili linyanyuke, kamera inaingizwa, na madaktari wanafanya kazi wakitazama skrini. Mwishoni tundu moja huongezwa hadi sentimita 3 au 5 ili kipande kilichokatwa kipate pa kutokea. Nakutajia hilo kwa sababu nimeona wagonjwa wakiamka, wanakuta mkato wasioutarajia, wanadhani mambo yaliharibika. Hayakuharibika. Usishtuke pia bega likikuuma siku mbili tatu: gesi huchokoza msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na maumivu yake husikika begani.

Sasa kwa nini miezi ya mwanzo inatofautiana? Kwa sababu ya ukuta wa tumbo. Misuli ya hapo tunaitumia bila kuifikiria: kukohoa, kuvuta pumzi ndefu, kugeuka kitandani, kuinuka kwenye kiti. Ikiwa imekatwa kwa urefu, kila tendo kati ya hayo lina bei. Mgonjwa anayeogopa kukohoa hubakiwa na makohozi kifuani, na makohozi yaliyolala huzaa nimonia. Asiyeinuka kitandani, damu ya miguuni huweza kuganda. Utumbo nao huchelewa kuamka. Kwa matundu, mengi ya haya hupungua.

Hilo limepimwa, si maneno ya kusifia teknolojia. Njia hii kwa saratani ya tumbo ilianza Japani mwaka 1991, kwa mikono ya Seigo Kitano na wenzake. Wakorea baadaye waliendesha utafiti mkubwa uitwao KLASS-01, wenye wagonjwa 1,416 wa saratani ya hatua ya mwanzo, waliogawanywa kwa kura. Matatizo ya kidonda, kama usaha na mshono kuachia, yaliwapata asilimia 7.7 ya waliofunguliwa na asilimia 3.1 ya waliofanyiwa kwa matundu. Kabla ya hapo, mwaka 2008, utafiti mwingine wa Korea wenye wagonjwa 164 uliuliza swali la binti yako moja kwa moja: maisha yao yakoje? Katika miezi mitatu ya kwanza kundi la matundu lilijibu vizuri zaidi kuhusu maumivu, uchovu, usingizi, hamu ya kula, na hata namna mtu anavyouona mwili wake. Nadhani binti yako alisoma kitu cha namna hiyo.

Uholanzi ilileta picha tofauti, nami huiheshimu kwa sababu inafanana zaidi na wagonjwa wanaokuja saratani ikiwa imeshapiga hatua. Utafiti wao, LOGICA, ulikuwa na wagonjwa 227 katika hospitali 10. Kundi la matundu lilipoteza damu kidogo zaidi, lakini upasuaji wao ulichukua muda mrefu zaidi. Siku za kulazwa zililingana: saba kwa saba. Ubora wa maisha nao haukutofautiana. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba wagonjwa wa makundi yote mawili waliuguzwa kwa utaratibu uleule wa kuharakisha kupona: maumivu yanadhibitiwa ipasavyo, mtu anainuliwa kitandani mapema, anaanza kunywa na kula mapema, na mipira na mirija haiachwi mwilini bila sababu. Uuguzi mzuri ulilipa sehemu kubwa ya deni la mkato mrefu.

Ukiniuliza mimi, hilo ni somo kubwa kuliko ubishi wa matundu. Mtu aliyefunguliwa tumbo katika hospitali ambayo wauguzi wanamtembeza kuanzia siku ya kwanza anaweza kupona vizuri kuliko aliyefanyiwa kwa matundu kisha akaachwa kitandani anagugumia.

Kuhusu saratani yenyewe, ili usije ukadhani unachagua kati ya raha na uhai: katika KLASS-01, baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 94.2 ya waliofanyiwa kwa matundu na asilimia 93.3 ya waliofunguliwa. Hiyo ni saratani ya hatua ya mwanzo, na tofauti hiyo haina uzito. Kwa saratani iliyopenya zaidi kwenye ukuta wa tumbo, Wachina waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 katika utafiti wa CLASS-01. Baada ya miaka mitatu, asilimia 76.5 ya kundi la matundu na asilimia 77.8 ya kundi la mkato mrefu walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Njia zote mbili zilisimama sawa. Ila elewa kwamba tafiti hizo zilifanywa na mikono iliyoiva. Daktari aliyetaka kushiriki KLASS-01 alipaswa awe ameshafanya angalau upasuaji 50 kwa kila njia. Usilinganishe matokeo yao na ya mtu anayejifunza.

Niseme kidogo juu ya neno hili “ubora wa maisha”, maana linatumika ovyo. Watafiti hulipima kwa dodoso. Lipo moja la maswali 30 linalotumika kwa saratani za aina nyingi, na jingine la maswali 22 la wagonjwa wa saratani ya tumbo pekee: unameza vizuri? chakula kinakukaa? unaona aibu kula mbele za watu? Majibu hayo ni ya thamani, kwani hakuna kipimo cha damu kinachojua kama unaogopa kualikwa chakula. Lakini mgonjwa kwa kawaida anajua alifanyiwa njia gani, na aliyeambiwa kwamba amepata njia ya kisasa hujibu akiwa na matumaini tayari. Tena, wanaojaza dodoso la mwaka wa pili ni wale waliobaki na nguvu za kulijaza. Binadamu pia huzoea: baada ya muda mtu husema “nakula vizuri” akiwa na maana ya sahani ambayo zamani angeiita ya mtoto. Kwa hiyo tofauti ndogo za alama zisikukoseshe usingizi.

Tuje kwenye kazi ya pili, ambayo ndiyo itakayokaa nawe.

Jambo la kwanza ni kiasi kitakachokatwa. Umesema ugonjwa uko sehemu ya chini. Hiyo, dada yangu, ni habari njema ndani ya habari mbaya, kwa sababu mara nyingi inaruhusu kubakiza kipande cha juu. Anayeondolewa mfuko wote, umio wake, yaani bomba linaloshusha chakula kutoka kooni, huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, na maisha yake ya chakula huwa magumu zaidi: anapungua uzito zaidi, anashiba kwa matonge machache, anaharisha mara nyingi zaidi. Tofauti kati ya watu hawa wawili, mmoja amebakiwa na kipande na mwingine hana kitu, ni kubwa kuliko tofauti yoyote niliyokutajia kati ya matundu na mkato. Ukikutana na mtu aliyefanyiwa kwa matundu lakini amekonda sana, muulize kwanza kama alibakiwa na mfuko.

La pili ni namna ya kuunga. Kipande kinachobaki kinaweza kuungwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, au mbele zaidi, au utumbo ukakatwa na kuungwa kwa umbo la herufi Y ili nyongo iteremke mbali na tumbo. Muungo wa Y hupunguza nyongo kupanda na kuchoma kipande kilichobaki. Muungo wa kwanza unakiacha chakula kipite njia yake ya asili, na huko mbele daktari akihitaji kupitisha kamera kwenye njia ya nyongo, humrahisishia. Kila muungo una wenye kuutetea. Wewe uliza tu: utaniunga vipi, na kwa nini hivyo?

Halafu kuna valvu ya chini ya mfuko, ile inayoachia chakula kidogo kidogo. Katika upasuaji kama wako kwa kawaida inaondoka. Hapo ndipo linapoanza tatizo ambalo wagonjwa wengi huliogopa kuliko kovu. Chakula, hasa cha sukari, kinateremka kwa kishindo kwenye utumbo. Ndani ya dakika 10 hadi 30 maji ya mwili yanakifuata, tumbo linanyonga, moyo unaenda mbio, jasho linatoka, mtu anataka kulala chini. Wengine hupatwa baadaye, kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula: sukari ilipanda ghafla, mwili ukamwaga insulini nyingi, sasa sukari imeshuka, mikono inatetemeka na kichwa ni chepesi. Nimewaona watu wakipelekwa mbio kupimwa moyo kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba hii ni safari ya chakula tu.

Dawa yake kubwa ni ustaarabu wa kula. Milo midogo mara sita kwa siku badala ya mitatu. Tafuna mpaka chakula kiwe laini, maana kazi ya kusaga iliyofanywa na mfuko sasa imekabidhiwa meno yako. Kunywa kati ya milo, si pamoja na mlo. Soda, juisi tamu na chai yenye sukari nyingi viache, hasa tumbo likiwa tupu. Kila mlo uwe na kitu cha protini, kama mayai, samaki, nyama laini au maziwa kama hayakusumbui. Wengi huona shida hii inapungua mwaka wa kwanza ukienda. Ikigoma, zipo dawa, kwa hiyo sema. Usijinyime chakula kimyakimya.

Utapungua uzito, kwa kawaida takriban sehemu moja ya kumi ya ulionao kwa upasuaji wa kubakiza kipande, na zaidi kwa anayeondolewa mfuko wote. Upungufu mwingi hutokea miezi sita ya kwanza. Jipime kila wiki na uandike. Ukiona unaendelea kushuka baada ya hapo, au chakula hakipiti, rudi hospitali.

Damu nayo iangaliwe kwa miaka mingi. Tumbo ndilo linalotengeneza kitu kinachouwezesha mwili kufyonza vitamini B12, nalo husaidia kufyonza madini ya chuma. Ini lina akiba ya B12 ya miaka kadhaa, na ndiyo maana upungufu hujificha, kisha unaibuka wakati kila mtu ameshasahau upasuaji: uchovu, ganzi ya vidole, kusahausahau. Aliyeondolewa mfuko wote anahitaji B12 maisha yake yote, kwa sindano au vidonge vya dozi kubwa. Wewe ukibakiwa na kipande, pimwa angalau mara moja kwa mwaka. Fundi mwenye ganzi ya vidole ni fundi aliyepoteza kazi, nami sitaki ufike huko kwa jambo linalozuilika kwa sindano.

Je, matundu hayana faida yoyote ya mbali, basi? Yanayo, ila ni ya pembeni. Mkato mrefu unaweza kuacha ngiri mahali ukuta wa tumbo ulipolegea, na utumbo unaweza kushikana na makovu ya ndani kisha ukaziba. Hayo hutokea kwa njia zote mbili, lakini huwa machache kwa matundu. Kovu nalo si jambo dogo kwa kila mtu. Kama mwili wako kwenye kioo ni muhimu kwako, sema hivyo mbele ya daktari bila haya.

Turudi kwa madaktari wako wawili. Kwa yule wa matundu, uliza ameshafanya upasuaji wa saratani ya tumbo mara ngapi kwa njia hiyo. Upasuaji wa mfuko wa nyongo kwa matundu ni kazi tofauti kabisa, hauhesabiki hapa. Uliza pia atafanya nini akikuta mambo magumu ndani. Jibu ninalotaka ulisikie ni kwamba atafungua tumbo bila kusita, kwani kubadilisha njia katikati ni busara, wala si kushindwa. Kwa yule wa mkato, uliza kwa nini amechagua hivyo. Huenda ana sababu nzito: uvimbe umegusa kiungo cha jirani, uliwahi kupasuliwa tumbo, au moyo na mapafu yako havitavumilia gesi na saa nyingi za usingizi wa dawa. Au huenda hiyo ndiyo njia anayoijua vizuri, nayo ni sababu halali. Ningependa nishonwe na mkono unaojua kazi yake kuliko unaojaribu mtindo mpya juu yangu. Wote wawili waulize: mtaondoa tezi za limfu kwa upana gani? Tezi zinazochunguzwa maabara zinatakiwa zifike angalau 15 au 16, la sivyo ni vigumu kujua hatua halisi ya ugonjwa. Waulize pia kama utahitaji tibakemikali, yaani dawa za kuua saratani, kabla ya upasuaji. Kwa ugonjwa uliopenya ndani, siku hizi mara nyingi dawa hutangulia, na jibu hilo litabadilisha ratiba yako yote.

Neno “subiri” limenitia wasiwasi. Kusubiri wiki chache ili vipimo vikamilike, damu iongezwe kama imepungua, na lishe irekebishwe, ni sawa kabisa. Kusubiri miezi kwa ajili ya tundu tu, hapana. Kama daktari wa pili hawezi kukupa tarehe ya karibu, na wa kwanza ana uzoefu na wodi yenye uuguzi mzuri, ningekubali mkato mrefu nikiwa na amani moyoni, na ningemwambia binti yako hivyohivyo. Kama wote wana uzoefu na wako tayari kwa wakati mmoja, basi chagua matundu, kwa sababu miezi mitatu ya maumivu pungufu ni kitu cha kutamaniwa na mtu yeyote.

Na cherehani? Utarudi, ukijaliwa kupona bila matatizo. Aliyefanyiwa kwa matundu huweza kuanza kazi nyepesi ya kukaa baada ya wiki tatu au nne. Aliyefunguliwa, sita hadi nane, na kunyanyua mizigo mizito kusubiri ruhusa ya daktari. Ukipewa tibakemikali baada ya upasuaji, ratiba itasogea, na baadhi ya dawa hizo hutia ganzi vidoleni, kwa hiyo mwambie daktari wa saratani mapema kwamba unaishi kwa vidole vyako. Ukianza, usiiname juu ya kitambaa mara tu baada ya kula, kwani chakula na nyongo hupanda kirahisi zaidi sasa. Kula, kaa wima au tembea kidogo kwa nusu saa, ndipo ushone. Weka mlo wako mdogo unaofuata kwenye kibakuli kando ya mashine, na saa mahali unapoiona, maana njaa yako ya zamani iliyokuwa ikikukumbusha kula huenda isirudi kwa miezi mingi.